Wanaupima ili iweje? Twister na watu wanaoukimbilia upepo

Basi la Mwanza lilikuwa limeiacha Manyoni na jua limeanza kulala upande wa kushoto, pale utingo alipokatisha nyimbo za injili zilizotusindikiza tangu Dodoma na kuchomeka flashi kwenye runinga iliyoning'inia juu ya dereva. Niliitambua filamu kabla ya jina lake kutokea: shamba la Oklahoma usiku wa mwaka 1969, familia inakimbilia handaki, baba anaung'ang'ania mlango kwa mikono miwili mpaka upepo unamnyakua pamoja nao. Ilikuwa Twister, iliyotoka Marekani tarehe 10 Mei 1996, kabla abiria wengi wa basi lile hawajazaliwa.

Sauti ilimezwa na injini, na hapakuwa na tafsiri ya maandishi wala ya mdomo. Hata hivyo simu zilianza kushushwa, moja baada ya nyingine. Mama mtu mzima niliyeketi naye, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameishughulikia zaidi ndoo yake ya mizigo kuliko mimi, alinigeukia wakati msafara wa magari ulipokata kona kuelekea penye wingu jeusi.

“Mwanangu, upepo si uko hukohuko wanakokwenda?”

“Ndiyo, mama. Wanaufuata.”

“Wanaufuatia nini?”

“Wanataka kuupima.”

“Wanaupima ili iweje?”

Nilimweleza habari za tahadhari, kwamba ukijua kinachoendelea ndani ya upepo ule unaweza kuwaonya watu mapema. Akasema “Haya,” ile haya ya kufunga mazungumzo bila kukubali. Tulipofika Singida utingo alichomoa flashi ili watu washuke kula, filamu ikiwa imebakiza dakika chache tu iishe, na kutoka viti vya nyuma mtu akapaza sauti: “Konda, turudishie upepo wetu!” Watu walicheka, lakini lawama ilikuwa ya kweli. Baada ya chakula tuliwekewa filamu ya vichekesho, na kila mtu akarudi kwenye simu yake.

Swali la yule mama limekaa nami kwa wiki kadhaa. Linawahusu wanasayansi wa kwenye filamu, lakini linatuhusu na sisi watazamaji: kwa nini, baada ya takriban miaka 30, bado tunataka kuwaona watu wakiendesha gari kuelekea mahali ambapo mwenye akili timamu angepakimbia?

Ng'ombe anayepaa

Jibu la haraka ni kwamba tunapenda kuona vitu vikibomolewa. Ng'ombe anapita mbele ya kioo cha gari akiwa angani, akilia. Trekta na matangi ya mafuta yanadondoka barabarani. Nyumba nzima inabingirika mbele ya pikapu, nayo pikapu inapenya katikati yake. Mwongozaji Jan de Bont hakubana matumizi. Injini ya ndege ya jeti ilitumika kuvumisha upepo, na taa zilizowashwa ili anga ya nyuma ionekane nyeusi zilikuwa kali kiasi cha kuwaunguza macho kwa muda Bill Paxton na Helen Hunt, walioigiza Bill na Jo, wanasayansi wakuu wa hadithi hii. Hata mngurumo wa tornado (ndilo jina la upepo huo unaozunguka kutoka winguni hadi ardhini), ambao wengi huuchukulia kuwa wa mashine, ndani yake mna sauti ya ngamia iliyopunguzwa kasi.

Jibu hilo linatosha kueleza mwaka 1996, ambapo filamu hiyo iliingiza zaidi ya dola milioni 490 duniani na kuwa ya pili kwa mapato. Halitoshi kueleza basi la Mwanza. Picha za kompyuta zilizowashangaza watu wakati ule leo zinatengenezwa kwa ustadi mkubwa zaidi hata katika tamthilia za runinga, na filamu za volkano na vimondo zilizofuata miaka miwili iliyokuja baada yake zilibomoa miji mizima, lakini hakuna anayedai arudishiwe kimondo chake.

Kuna kitu kingine, na nadhani nilikiona mezani.

Chakula kwa shangazi Meg

Baada ya kukoswakoswa na tornado, kundi zima linavamia nyumba ya shangazi Meg katika mji mdogo wa Wakita. Kwenye meza kuna minofu ya ng'ombe, mayai na viazi vilivyomwagiwa mchuzi mzito, na Dusty, aliyeigizwa na Philip Seymour Hoffman kabla dunia haijamfahamu, anakula huku akimsimulia mgeni mambo ya ajabu ambayo Bill aliwahi kuyafanya. Wengine wanagombea zamu ya kuoga, na mmoja anaangalia hali ya hewa kwenye runinga huku anatafuna. Hakuna anayezungumzia maana ya maisha. Ni watu wa kazi moja walioizoea hatari ya kazi yao mpaka imegeuka kuwa utani, na ghafla habari inapokuja kwamba wingu limeanza kuzunguka, sahani zinaachwa na viti vinaangushwa. Ukitazama nyuso zao utaona kwamba hakuna hata mmoja anayesikitika kukatishwa chakula.

Filamu nyingi za maafa huwachukua watu wa kawaida na kuwatupia maafa. Hii inawachukua watu walioyachagua maafa kuwa ajira, na inakaa nao muda mrefu wakiwa wanasubiri, wanabishana kuhusu barabara ipi ya vumbi itawafikisha, wanatengeneza kilichoharibika. Mandhari ninayoipenda kuliko zote haina upepo hata kidogo. Vitufe vidogo vya kupimia vilivyojazwa ndani ya Dorothy, lile pipa lao la vipimo, ni vyepesi lakini havipai inavyotakiwa, kwa hiyo wote wanakaa chini na makopo matupu ya soda, mikasi mikononi, wanakata alumini vipande vipande na kukunja mabawa madogo ya kubandika kwenye kila kitufe. Sayansi ya mamilioni ya dola inaokolewa na takataka za kinywaji chao wenyewe. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi katika ofisi yenye bajeti ndogo anaielewa mandhari hiyo bila kutafsiriwa.

Adui naye hana chuki na mtu. Jonas, mpinzani wao mwenye magari meusi na pesa za kampuni, ndiye mhusika dhaifu kuliko wote katika hadithi nzima, kwa sababu hadithi haikumhitaji. Upepo ulitosha.

Pipa lililowahi kuwapo

Hapa ndipo nilipoanza kuwa na mashaka, maana nilitaka kujua kama kazi hiyo ilikuwapo kweli au ilibuniwa kwa ajili yetu.

Ilikuwapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa NOAA, taasisi ya serikali ya Marekani inayosimamia masuala ya bahari na angahewa, walikuwa na pipa lililosheheni vipimo lililoitwa TOTO. Jina hilo ni la mbwa katika hadithi mashuhuri ya Kimarekani kuhusu msichana aliyebebwa na tornado kutoka Kansas. Watunzi wa filamu wakachukua jina la msichana mwenyewe, Dorothy. Kundi la Howard Bluestein wa Chuo Kikuu cha Oklahoma lililibeba TOTO kwenye pikapu na kuzunguka nalo mashambani, likijaribu kulishusha mbele ya upepo na kuondoka kabla haujafika. Ni kazi ambayo hata kuisimulia inachosha. Tornado nyingi hudumu dakika chache, barabara haziendi unakotaka wewe, na upepo hauna ratiba.

TOTO halikuwahi kuingia katikati ya tornado. Mwaka 1984, karibu na Ardmore, lilipitiwa ubavuni na upepo usio mkali sana, likaanguka, kwa kuwa uzito wake ulikuwa umekaa juu mno. Mwaka 1987 likastaafishwa.

Miaka yote ile, na pipa likaanguka.

Kuna jingine lililonisumbua zaidi. Ndani ya filamu, Bill anamweleza mchumba wake kwamba tahadhari ya wakati ule ilikuwa ya dakika 3, na kwamba Dorothy akifanikiwa itafika dakika 15. Katika maisha halisi muda wa tahadhari ulirefuka kweli, lakini hapakuwa na pipa lililopaa. Sababu kubwa ilikuwa mtandao wa rada mpya za Doppler, takriban 160, zilizojengwa Marekani katika miaka ya 1990, ambazo zinaweza kuona jinsi upepo ulio ndani ya wingu unavyozunguka. Wakati watazamaji wanamshangilia Jo ukumbini, kazi aliyodai kuifanya ilikuwa inafanywa na minara iliyosimama kimya ikiwa na mipira mikubwa meupe juu yake, na hakuna mtu atakayelipa kiingilio kuitazama minara.

Kwa siku kadhaa niliona yule mama ameshinda. Wanaupima ili iweje, kama rada inafanya kazi hiyo kutoka mbali?

Rada isichokiona

Niliendelea kusoma, na mambo yakawa magumu kwa namna ya kupendeza. Mwale wa rada huenda ukipanda kadiri unavyokwenda mbali, na dunia nayo hujipinda chini yake, kwa hiyo wingu lililo mbali huonekana tumboni tu, miguu haionekani. Kinachotokea mita mia chache juu ya ardhi, palepale penye nyumba za watu, mara nyingi rada haikioni. Ndiyo maana idara ya hali ya hewa ya Marekani bado inawategemea watu waliofunzwa kusimama barabarani na kuripoti walichokiona kwa macho.

Isitoshe, mawingu mengi yanayozunguka hayashushi tornado kabisa. Mawingu mawili yanaweza kujengwa na hewa ileile, yenye joto na unyevu kutoka Ghuba ya Mexico ikikutana na hewa kavu ya magharibi, yakafanana kwenye rada kama mapacha, kisha moja likafuta kijiji na jingine likamwaga mvua na kwenda zake. Takriban tahadhari 7 kati ya 10 za tornado nchini Marekani huishia bila tornado. Mtu aliyeambiwa ajifiche mara nyingi na hakutokea kitu, siku moja hatajificha. Ili kupunguza tahadhari za bure ni lazima kujua kinachotokea karibu na ardhi, na huko hakuna njia ya kufika ila kwenda.

Sisi tunaoishi kando ya Bahari ya Hindi tunaifahamu tahadhari ya aina nyingine. Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa inatoa taarifa zake siku kadhaa kabla hakijafika Mafia. Kulikuwa na muda wa kusimamisha boti, kuvuta ngalawa juu na hata kulalamika kwamba mamlaka inatia watu hofu. Tornado haitoi siku. Hutoa dakika, na kila dakika inayoongezwa imetafutwa na mtu fulani.

Kwa hiyo jibu nililompa yule mama lilikuwa sahihi, ingawa lilikuwa fupi mno.

Aliyelifikisha pipa lake

Mtu aliyefanya kweli kile ambacho filamu ilikiigiza ni Tim Samaras, mhandisi wa Colorado. Alibuni chombo kilicho bapa, cha umbo la pia iliyolazwa, kinachozidi kukandamizwa chini kadiri upepo unavyozidi, yaani alijifunza kutokana na yale yaliyoliangusha TOTO. Tarehe 24 Juni 2003, karibu na kijiji cha Manchester, South Dakota, alikishusha barabarani mbele ya tornado na kuondoka mbio. Tornado ilipita juu yake. Chombo kiliandika mshuko wa mgandamizo wa hewa wa milibari 100 katika muda usiofika dakika moja, kiasi ambacho hapakuwa na mtu aliyewahi kukipima mahali pamoja. Kijiji cha Manchester kilifutika siku hiyohiyo.

Tarehe 31 Mei 2013, karibu na El Reno, Oklahoma, Samaras, mwanawe Paul na mwenzao Carl Young walikuwa ndani ya gari dogo wakati tornado ilipobadili mwelekeo na kupanuka mpaka kilomita 4.2. Wote watatu walikufa. Samaras alisifika miongoni mwa wenzake kwa uangalifu.

Nililazimika kurudi kwenye Twister nikiwa na jambo hilo akilini, na lile tukio la mwisho sikuweza tena kulitazama kama zamani. Jo na Bill wanajifunga kwa mikanda ya ngozi kwenye bomba lililozama ardhini, tornado ya daraja la juu kabisa inapita juu yao, wananing'inia miguu juu, wanaona anga kupitia katikati yake, kisha wanashuka na mikwaruzo. Upepo wa aina hiyo hubeba mbao, mabati, kokoto na vioo kwa kasi ya risasi. Uliopiga Bridge Creek na Moore tarehe 3 Mei 1999 ulipimwa na rada ya kwenye lori ukizidi kilomita 480 kwa saa. Mikanda haisaidii kitu. Mzaha huo niliuvumilia kwa miaka mingi, ila sasa naona ndiyo sehemu ambayo filamu inatudanganya mahali pabaya, kwa sababu inafuta gharama ya kazi ileile iliyotufundisha kuipenda.

Na bado wenye kazi yao hawakuikataa. Bill Paxton alipofariki tarehe 25 Februari 2017, wafuata tornado zaidi ya 200 walipanga alama zao kwenye ramani ya mtandaoni wanayoitumia kuonyesha kila mmoja yuko wapi, nukta baada ya nukta katika nyanda za Marekani, mpaka zikasomeka herufi za mwanzo za jina lake. Heshima kama hiyo walikuwa wamempa Samaras na wenzake miaka minne kabla. Mwigizaji akaombolezwa kwa namna ileile ya mtu aliyekufa kazini. Nilipoiona ramani hiyo nilianza kupunguza ukali wangu kuhusu ile mikanda.

Waliobaki ndani ya nyumba

Lipo lalamiko ambalo silipunguzi. Watu wa Wakita wako wapi? Tunamwona shangazi Meg akitolewa kwenye kifusi, na tunaambiwa mji umepigwa bila onyo, kisha magari yanaondoka. Mji huo ni wa kweli, wenye watu mia chache. Watengenezaji wa filamu waliuchagua kwa kuwa mvua ya mawe ya mwaka 1993 ilikuwa tayari imeuharibu, wakabomoa majengo ya zamani ili kifusi kiwe kifusi cha kweli. Leo una jumba dogo la makumbusho ya filamu, na ndani yake mmehifadhiwa Dorothy mmojawapo. Mji ulikubali kubomolewa kwa ajili ya hadithi ambayo haikuwauliza wakazi wake swali hata moja.

Wahusika wetu pia wana tabia ya kutangaza daraja la tornado ikiwa bado inazunguka: hii ni ya pili, ile ni ya tano. Kipimo hicho, alichokibuni Tetsuya Fujita wa Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1971, hakifanyi kazi hivyo. Daraja hutolewa baada ya upepo kupita, kwa kukagua nyumba zilivyong'oka na miti ilivyomenywa magome. Fujita mwenyewe alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kusoma vifusi, na tornado yake ya kwanza kuiona kwa macho ilikuja mwaka 1982. Tornado ya El Reno, pamoja na upana wake wa kutisha, iliandikwa daraja la 3 kati ya 5, kwa sababu ilipita zaidi mashambani, ambako hakukuwa na vya kutosha vya kuvunja. Yaani upepo husomwa kupitia yaliyowapata watu. Filamu iliyosahau watu ilikuwa imesahau nusu ya kipimo.

Walipoamua kuiua

Mwaka 2024 ilitoka Twisters, chini ya mwongozaji Lee Isaac Chung, ikapigwa Oklahoma kwenyewe, na iliingiza takriban dola milioni 370. Nilikwenda nikitarajia kuichukia na sikuweza. Daisy Edgar-Jones na Glen Powell wanapendeza, nyanda zile zimepigwa picha na mtu anayezipenda, na waathirika safari hii wapo: kuna maji na chakula vinavyogawiwa, kuna anayenunua ardhi za waliobomolewa kwa bei ya dhiki. Lalamiko langu la juu limejibiwa kwa sehemu kubwa.

Lakini lengo limebadilika. Kate, mhusika mkuu, hatafuti kupima. Anatafuta kuizima tornado kwa kuirushia kemikali zinazofyonza unyevu, na mwishoni, katika mji wa El Reno, anaizima. Ukumbi ulipiga makofi. Mimi nilihisi kwamba kitu kimetolewa na hakikurudishwa. Walipochagua mji huo kati ya yote ya Oklahoma, mji ambao jirani yake walikufa watu watatu waliokuwa wanapima, na humo ndimo wakaufanya upepo utii, nilijiuliza kama kuna aliyekaa na kulifikiria hilo.

Katika filamu ya 1996 tornado inaondoka kwa hiari yake. Hakuna aliyeishinda. Vitufe vilivyovaa mabawa ya makopo vimepaa, tarakimu zinamiminika kwenye kompyuta, na Jo na Bill, wakiwa na matope mpaka masikioni, wanaanza palepale kubishana nani ataongoza maabara na nani atachambua takwimu. Ushindi wao wote ni kwamba wamepata kazi zaidi. Tornado nyingine itakuja wiki ijayo, nao watakuwa wanajua kidogo kuliko wanavyotaka na zaidi kuliko walivyojua jana, na hadithi inatuachia pengo hilo bila kuliziba. Nadhani ndiyo sababu inavumilia kutazamwa tena, hata bila sauti, hata bila mwisho.

Ile ya 2024 haikuacha pengo lolote. Niliifurahia ukumbini, na tangu hapo sijaitafuta tena.